Mashine Iliyokosea Jina la Zena

Kompyuta ilipofika Kibiti kutoka Dar es Salaam, Mwalimu Maneno alikaa nayo siku nne, na siku ya tano akatangaza kwamba anaipeleka kwa fundi ikatolewe akili iliyokuja nayo, itiwe ya zamani.

Nyumba nzima ilimshangaa, na nyumba nzima maana yake Mwanasiti, shemeji yake, kwa kuwa Zena mwenye nyumba alikuwa hasemi tena. Mwanasiti akataka kujua akili ya zamani ya nini, na hii mpya ina kosa gani. Ashrafu mtoto wao kajinyima huko mjini mpaka kaipata, imekuja na Windows ya kumi ndani yake, haina hata mkwaruzo, leo baba mtu anataka kuirudisha nyuma! Mwalimu akamwambia kwamba haina kosa lolote, na hilo ndilo kosa lake.

Na kweli haikuwa nalo. Ashrafu alikuwa ameitafutia sauti ya kike ya kumsomea baba yake kipofu kila kilichoandikwa, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, Kiswahili kimenyooka, pumzi inakaa mahali pake. Ilisema Kibiti ikawa Kibiti. Ilisema Utete ikawa Utete. Ilipofika kwenye jina la mke wa Mwalimu ilisema Zena, sawasawa kabisa, kwa adabu zote, na Zena aliyekuwa kakaa hatua tatu kutoka pale hakujigusa hata kidogo.

Maneno aliingia gizani akiwa na miaka thelathini na nne. Ni ile presha ya macho, ilimla kuanzia pembeni kuja katikati, polepole, mpaka siku moja akawa anauona uso wa mkewe kupitia katundu kadogo, na siku chache baadaye katundu nako kakaziba. Zena wakati ule alikuwa na miaka thelathini kasoro mmoja. Hiyo ndiyo ikawa picha ya mwisho, na tangu hapo, ndotoni, ambako Mwalimu huona vizuri kuliko nyie na miwani yenu, Zena hajaongeza hata siku moja. Huku nje kazeeka, miguu inamvimba, meno mawili kayang'oa. Kule ndani bado kakunja khanga magotini, anakanyaga maji ya bonde, anacheka. Basi Mwalimu alikuwa kama mtu mwenye wake wawili wa jina moja, na hakupata kumwambia yeyote kwamba wa ndotoni hakuwa na sauti. Alikuwa akicheka bila kusikika. Sauti ilikuwa ya yule wa nje, anayepika na kulaumu, na asubuhi Maneno alizishona pamoja picha ya huyu na sauti ya huyu, akapata mke mmoja mzima.

Alijifunza nukta nundu akaendelea kufundisha. Kisha, miaka kumi na mitano iliyopita, ukaja mradi wa walimu wasioona, akapewa kompyuta yenye Windows ya saba na CD moja yenye programu ya kusoma. Sauti iliyokuwa ndani ya ile CD ilikuwa ya mwanamume wa Kizungu asiyejua neno la Kiswahili. Alisoma kila kitu kwa ujasiri wa mtu asiyejua kwamba hajui. Kibiti ikawa Kaibiti. Utete ikawa Yutiti. Mahege, alikozaliwa Mwalimu, ikawa Mahiji. Mchukwi ilimshinda kabisa, akawa anaikohoa tu na kuendelea mbele.

Na Zena akamwita Ziina.

Sasa wewe mtu wa pwani unajua neno hilo linagonga wapi. Siku ya kwanza ilikuwa Ijumaa, watu wanatoka msikitini, Mwalimu kaiweka mashine dirishani na sauti kaifungulia yote kwa furaha ya kitu kipya. Akaandika jina la mkewe mara tatu kuijaribu. Mashine ikatangazia mtaa mzima: Ziina, Ziina, Ziina. Mtu mmoja njiani alisikika akisema astaghfirullah na kukaza mwendo. Zena alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akaiambia ile mashine kwamba yeye ameolewa kwa mahari, walii alikuwepo na mashahidi walikuwepo, mwenye la kusema zaidi ajitokeze mlangoni aseme. Maneno alicheka mpaka akatoka kitini.

Tangu siku hiyo mashine haikupata kulitaja jina lile bila kujibiwa. Na lilikuwa likitajwa kila siku, kwa sababu Mwalimu alikuwa na tabia ya kuandika kila jioni yaliyopita mchana, na yaliyopita mchana mengi yalikuwa ya Zena. Ziina kaenda sokoni. Ziina kagombana na muuza perege. Kutoka jikoni, kutoka uani, hata kutoka chooni, jibu lilikuja, na leo halikuwa la jana. Alimtukania yule Mzungu mama yake. Alimtakia kiwi cha ulimi. Wakati mwingine alimuuliza kama kwao hawana shughuli. Mwalimu angeweza kuizoesha kulitamka jina sawasawa, alishaambiwa namna yake, akajifanya kasahau.

Kisha vuli iliyopita, asubuhi, Zena akiwa uani anapeta mchele, Mwalimu alisikia ungo umeanguka. Ungo ukianguka katika nyumba ile, Zena huulaumu ungo, na aliyeusuka, na kuku watakaofaidi. Maneno alisubiri lawama. Mchele ulimaliza kumwagika, kuku wakaja, lawama haikuja. Hapo ndipo alipojua, kabla hajamgusa, kwamba limetokea jambo kubwa.

Kiharusi. Walikaa Mchukwi hospitali siku kumi na moja. Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa na sauti ya kuchoka na mikono ya upole, alimwambia Mwalimu kwamba mguu utarudi, mkono huenda, na kauli haina mwenyewe, inaweza kurudi na inaweza isirudi. Akasema msimwache kimya. Msimwonee huruma mpaka akakosa sababu ya kusema. Mpeni sababu.

Mguu ukarudi kweli. Mkono ukarudi nusu. Miezi saba ikapita, na kinywani mwa Zena halikutoka hata neno. Mwanzoni alikuwa akiitwa anagonga mkeka kwa kidole kuonyesha yupo. Baadaye akaacha kugonga. Mwanasiti alisema anatazama tu ukutani. Na kwa mwenye macho hilo ni jambo la huzuni, lakini atamwona mkewe kakaa pale, atamwona kajifunga khanga. Kwa Maneno, Zena asiposema hayupo. Alikuwa akipapasa mkeka kumtafuta, akiugusa mkono wake, na mkono ulikuwa wa moto na wa mtu hai, na bado hakuwa na hakika ni nani. Hata ndotoni mambo yaliharibika. Yule wa majini alizidi kuja, usiku na mchana Mwalimu akisinzia kidogo tu keshafika, anacheka, anasema kitu, na asubuhi hapakuwa na sauti ya kumvika.

Kila mtu aliyeingia mle alimwita Zena kwa sauti ya wagonjwa. Zena mpenzi. Bi Zena, pole mama. Zena dada yangu. Hakuna aliyemuudhi. Maneno alilifikiria hilo siku nyingi, maana hakuwa na kazi nyingine. Mwanamke huyu maisha yake yote alisema kwa sababu alichokozwa, na sasa dunia nzima imekuwa laini, aseme na nani? Mchokozi wake mkubwa alikuwa yule Mzungu wa kwenye mashine, na mashine ya zamani ilikufa kifo chake cha uzee wiki ya pili baada ya kutoka Mchukwi, kabla hata haijawashwa. Ndiyo maana alimwomba Ashrafu nyingine. Ndiyo maana alikaa siku nne akijaribu kumwingiza Mzungu kwenye Windows ya kumi, na Windows ya kumi ikamkatalia kila mara. Alichokitaka Mwalimu kilikuwa kimoja tu: mashine imkosee mkewe jina, mkewe achukie, aseme.

Hakumwambia Mwanasiti sababu hiyo. Alisema tu kwamba huko kwa fundi atapigiwa na windo, ndivyo mafundi wanavyosema kuweka Windows, na Mwanasiti, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akilalamikia madirisha ya chumbani kwa mbu, alishukuru sana na kumwambia asisahau la jikoni.

Fundi ni Muzdalifa, binti ana banda lake karibu na stendi, ukutani kapanga makasha ya kompyuta yaliyo wazi matumbo. Aliinuka kumsalimu Mwalimu, shikamoo, marahaba mwanangu, akamshika mkono akamkalisha. Aliposikia ombi lenyewe alidhani hajasikia vizuri. Wateja wake wote, alisema, wanataka kupanda. Wa saba anataka kumi, wa kumi anataka kumi na moja, huyu wa kushuka ndiyo anamwona leo. Akamweleza kwa heshima kwamba saba imeshaachwa na wenyewe, haitengenezwi tena, ukiitoa tu kwenda kwenye mtandao itaokota kila ugonjwa. Mwalimu akasema haitoki, inakaa nyumbani. Akamweleza kwamba kiwanda kimeifunga mashine isikubali kitu cha zamani. Mwalimu akauliza kama yeye hana ufunguo. Akamwambia mwisho kwamba akiipiga chini hii ya kumi, na yule dada wa Kiswahili anakwenda nayo, na kumrudisha si kazi ya siku moja.

"Mwanangu," Mwalimu akasema, "yule dada anamwita mke wangu vizuri mno."

Kisha akamweleza yote, mwiko, ungo, mkeka. Halafu akasikia boksi linasogezwa na kiti kinavutwa, na binti akauliza ile CD ya Mzungu iko wapi. Mwalimu alikuwa nayo mfuko wa ndani wa kanzu, kwenye kasha la CD ya kaswida.

Akaanza kazi. Akaingia kwenye ule ukurasa unaotokea kabla mashine haijaamka sawasawa, akalegeza makufuli ya kiwandani moja moja, na kila alichokifanya alimsomea Mwalimu kwa sauti. Akauliza kama kuna chochote humo cha kuokoa, akajibiwa maandishi yote ya miaka kumi na mitano yako kwenye flash, hiyo hapa shingoni. Basi akafuta. Toka hapo mashine ikawa bubu. Kipofu akiwa mbele ya kompyuta isiyo na sauti ni kama kakalishwa mbele ya ubao wa mbao tu, na Maneno aliweka viganja juu ya kifuniko chake akasikia joto na mtetemo mdogo. Alishazoea kukaa hivyo, nyumbani.

Ilikuwa kama saa saba mchana. Jua la Kibiti lilikuwa limekaa juu ya bati, kuna mtu nje anakaanga korosho, mabasi ya kusini yanaingia na kutoka. Muzdalifa alikuwa akihesabu asilimia. Kumi na mbili, Mwalimu. Ishirini. Maneno akamuuliza kutoka kumi kwenda saba ni hatua ngapi, na binti akasema mbili tu, kuna nane, tisa hakuna, waliiruka, na hajapata kukutana na mtu anayejua kwa nini waliiruka. Mwalimu akaona hilo ni jambo zuri sana. Akalirudia moyoni, tisa waliiruka, na kwenye kulirudia akasinzia.

Akajiona anateremka. Ilikuwa njia ya vilimani kwenda bondeni, ile ya ujana, yenye mikorosho juu na mpunga chini, na miguu yake ilikuwa inaona kila jiwe. Kila hatua ilikuwa mwaka. Alipita mwaka wa kustaafu, ukiwa umekaa kando ya njia na zawadi yake ya saa ya ukutani. Alipita harusi ya Ashrafu, sufuria zinatoa mvuke na hakuna mtu. Mahali fulani hatua moja haikuwepo, palikuwa na upenyo na maji chini yake, akaruka bila kuogopa, maana alishaambiwa. Chini kabisa Rufiji ilikuwa imejaa imefika mashambani, maji yametulia yana rangi ya chai ya maziwa, na Zena wa miaka thelathini kasoro mmoja alikuwa kasimama humo mpaka magotini. Akamwona kageuka. Akauona mdomo wake ukifunguka, anasema jambo refu, anasema na mikono, kachukia na anacheka. Maneno akainamisha sikio. Maji tu. Akajongea, akayaingia yale maji, na kadiri alivyojongea ndivyo alivyoona wazi zaidi, kidoa cha kovu juu ya jicho, tone la jasho, na wala hakusikia kitu. Akataka kumwambia ngoja, subiri, wanakaribia kumaliza, wako asilimia tisini.

Alizinduka kwa mkono wa Muzdalifa begani. Saba imeingia, akaambiwa. Imekaa vizuri, iko pale inang'aa. Ila haina sauti.

Mwalimu hakuelewa. Binti akaeleza kwamba kile kipande cha ndani kinachotoa sauti kimetengenezwa enzi za Windows ya kumi, na saba haikijui, ni kama mtu na mdomo wake ila hawajuani. Inatakiwa draiva ya kuwaunganisha, na ya mashine hii kwa saba huenda haikuwahi kutengenezwa. Maneno alisema, taratibu, kwamba basi na hii nayo imepata kiharusi. Hakuwa anatania.

Muzdalifa akafunga mlango wa nusu wa banda, wateja wengine wakaambiwa warudi kesho. Akatafuta kwa simu yake. Ya kwanza aliyoipata mashine iliitema. Ya pili iliingia, ikatoa mkoromo kama wa mtu aliyepaliwa na mwiba wa samaki, ikanyamaza. Muadhini akaadhini alasiri. Wakaenda kuswali, huyu huku na huyu kule, na waliporudi binti akasema kuna moja ya mashine nyingine kabisa, ndugu yake na hii, anaijaribu lakini asimlaumu. Mwalimu akasema bismillahi kwa niaba ya wote watatu.

Ikalia. Ule mlio mfupi wa kuamka, noti nne, aliousikia kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na mitano na kuukosa miezi saba. Halafu CD ikazunguka, ikakwaruza, ikazunguka, na mwanamume wa Kizungu akafungua kinywa katikati ya stendi ya Kibiti akaanza kusoma majina ya mafaili, kwa haraka, kwa makosa, kwa ujasiri wake uleule. Machozi yalimtoka Mwalimu na hakuyafuta. Akaomba akae peke yake kidogo na kibodi. Aliandika neno moja, akalisikiliza, akacheka kwa sauti mpaka muuza korosho akachungulia.

Alirudi nyumbani kwa bodaboda, kaikumbatia mashine. Mwanasiti akapokea, akauliza madirisha yako wapi. Akampita. Zena alikuwa barazani kwenye mkeka wake, kashindiliwa mito miwili, jua la jioni linamfikia miguuni. Maneno alilijua jua hilo kwa kuwa lilimfikia na yeye alipoketi. Akaiweka mashine kwenye kigoda. Akajikaza, akaifungulia sauti yote kama Ijumaa ile, akaandika, akabonyeza.

Ziina.

Akasubiri. Alisikia kuku. Alisikia redio ya jirani na mtu anachota maji. Alisikia pumzi ya mkewe, inaingia inatoka, haikubadilika.

Akabonyeza tena. Ziina. Akaandika mara tatu, mara kumi, mashine ikatukana uwanja mzima, na Mwanasiti akatoka mbio akamwambia shemeji una wazimu, mgonjwa huyu, watu wanapita. Maneno akamuuliza kama Zena kageuza shingo. Mwanasiti akamtazama dada yake vizuri, akasema hapana. Akamuuliza kama amekunja uso. Hapana, shemeji. Anatazama ukutani.

Basi. Aliishiwa nguvu pale pale. Siku zote zile alikuwa na pa kwenda, kulikuwa na mashine ya kuja, kulikuwa na fundi wa kumwona, na sasa kafika na hapakuwa na kitu. Akasikia aibu pia, mtu mzima kumsumbua binti wa watu siku nzima kwa ajili ya upuuzi. Lakini hakuweza kuizima. Akiizima, kimya kilikuwa kinamngoja. Akaivua flash shingoni akaichomeka, akafungua popote, mwaka wowote, akamwacha Mzungu asome, ili mradi kuna anayesema barazani.

Mzungu akasoma. Akasoma habari za mlau, kile kilimo cha bondeni maji yakishapungua, mwaka ambao Mwalimu na mkewe walipata ekari mbili upande wa Yutiti wakaenda kuzilala likizo nzima. Akasoma bei ya mbegu. Akasoma dungu walilolijenga la kulindia, lina ngazi ya vipande sita. Maneno alikuwa kainamisha kichwa hasikilizi, alikuwa anausikia mto. Mashine ikaendelea, kwa lafudhi yake ya ajabu, kwamba usiku wa kuamkia Jumanne viboko waliingia wakala mpunga wote wa upande wa mto, kwa sababu zamu ya kulinda ilikuwa ya Ziina, na Ziina alilala.

Kitu kilisogea kwenye mkeka.

Maneno alidhani ni Mwanasiti. Lakini Mwanasiti alikuwa mlangoni nyuma yake, na ndiye aliyemshika bega kwa nguvu mpaka likamuuma. Pumzi ya mkewe ilikuwa imebadilika. Ilikuwa inapanda, inakwama, inarudi, inajaribu tena, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua. Akanyoosha kidole akaisimamisha mashine.

"Mwo," akasema Zena.

Sauti ilikuwa nzito, upande mmoja wa mdomo, haikuwa sauti aliyoijua.

"Mwo-ngo."

Mwanasiti akaanza kulia. Maneno alimwashiria kwa mkono anyamaze, anyamaze kabisa, na kwenye kiza chake alimwona Zena, mzima, kavimba miguu, meno mawili hana, kakaa pale hatua tatu. Alijua vizuri sana ni nani aliyelala dunguni usiku ule. Alikuwa kaachiwa zamu yeye Mwalimu kwa sababu ya masikio yake, akajisifu, akalala fofofo, na jioni yake akaandika alivyoandika maana mwandishi alikuwa yeye.

Akageuza uso kuelekea kwenye mkeka. Akaifanya sauti yake kavu, ya ubishi, ile ambayo hakuwa amemsemesha nayo kwa miezi saba.

"Uongo gani? Ulilala wewe. Imeandikwa hapa."

Akasikia mkeka ukikwaruza, mkono ule uliorudi nusu unatafuta pa kuegemea, na Zena anajiinua kukaa.